Mwalimu aache kazi aje dukani? Jibu la mke aliye nyuma ya kaunta

Kaka mleta mada, umeuliza kama mkeo, mwalimu wa shule ya msingi, aache kazi aje msimamie wote duka lako la vifaa vya ujenzi. Waliokujibu wengi ni wanaume, na wengi wamekuambia usithubutu kuchanganya mke na biashara. Mimi ndiye huyo mke wanayemsema. Tuna hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi kama lako, Kihonda, Morogoro, mimi na mume wangu. Tulifungua duka mtoto wetu wa pili akiwa bado hajaanza chekechea, leo yuko sekondari. Mume alikuwa fundi umeme, mimi nilikuwa karani kwenye ofisi ya shule binafsi.

Nianze na pesa. Mkeo akija, alipwe. Wanandoa ninaowafahamu ambao duka liliwaachanisha hawakugombania hesabu kubwa. Waligombania nauli. Mwanamke aliyezoea mshahara wake, hata kama ni mdogo, anajikuta anauza bati za mamilioni mchana kisha jioni anaomba elfu tano ya kusuka, na anaulizwa "za juzi zimeenda wapi?" Hiyo inakula ndoa polepole, na mume haioni kwa sababu kwake yeye pesa zote ni "zetu". Zetu, lakini funguo za droo anatembea nazo nani?

Sisi kila Jumamosi tunajilipa, kiasi kile kile kwa wote wawili, tumekipima kwa kuangalia tungemlipa nini mtu mwingine kwa kazi hiyo. Masika wajenzi wakipungua, posho inashuka, na inashuka kwa wote. Ikishatoka dukani haina maswali. Yake akiwanunulia supu timu nzima, shauri yake. Yangu nikiipeleka kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, vivyo hivyo. Mahitaji ya nyumbani yana fungu lake, nalo linatoka mara moja kwa wiki. Sabuni ikiisha Jumatano hatuchoti kwenye droo. Na ikibidi kuchota, inaandikwa kwenye ukurasa wa daftari wenye kichwa "Nyumbani". Anza na huo ukurasa hata kabla mkeo hajaja, kaka. Andika kwa mwezi mmoja kila kinachotoka dukani kwenda nyumbani ambacho siku zote hakiandikwi: mkaa, vocha, ada ya tuisheni, msumari robo kilo wa banda la kuku. Watu wengi wanaosema duka halina faida, faida yao wameila.

Na kwenye hadiwea hiyo faida si kubwa kihivyo. Unajua mwenyewe saruji inaleta watu lakini haikuachii kitu, mfuko unabeba faida ambayo ukimlipa mpakiaji imekwisha. Nondo nazo bei kila mtu anaijua. Tunachokula kiko kwenye vitasa, bawaba, koki, soketi, misumari ya kupima, bainding waya. Hivyo ndivyo vitu vinavyohitaji jicho, maana ndivyo vinavyoingia mfukoni kirahisi, na hapo ndipo mke au mume dukani anazidi kijana wa kuajiriwa. Hilo siwezi kulikataa. Lakini usimfanye mkeo askari wa kulinda kijana wako. Mtu aliyeacha ualimu ili akae kwenye stuli kuhesabu bawaba atakuchukia, na atakuwa na haki.

Mpe eneo lake la kukata neno. Kwetu manunuzi, bei na mambo ya TRA, yaani kodi, ni yangu. Mafundi, vifaa vya umeme na mabomba, na nani akopeshwe ni vya mume wangu. Tunashauriana sana tu, lakini mwisho mwenye eneo ndiye anaamua, na akiamua vibaya hatumkumbushi mbele ya watu. Makadirio ya kodi yanalipwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, na sijui ni lini mume wangu alikanyaga ofisi hizo mara ya mwisho. Mimi nami sijui fundi gani anadaiwa shilingi ngapi mpaka nifungue daftari. Safari za Kariakoo ni zangu pia. Zamani zilikuwa ni kulala kwa wifi Dar, lakini tangu treni ya SGR, ile ya reli mpya ya umeme, ianze kubeba abiria Juni 2024 naondoka alfajiri, narudi jioni hiyo hiyo, chini ya saa mbili kila upande. Wanaofanya biashara Moro wataniunga mkono, imebadilisha mengi.

Msipogawana hivyo, mafundi watawagawa wao. Fundi ana akili ya ajabu. Anakuja kwangu, namtajia bei ya waya, anasema "sawa mama, nakuja." Anazunguka kwa baba aliye nje anapakia, anasema "mama ameniambia nikuone unipunguzie." Au anataka cha juu chake, pesa ya kuweka mfukoni, kiongezwe kwenye risiti ya bosi wake, mimi nimekataa, anakwenda kujaribu upande wa pili. Dawa yake ni moja: aliyeanza kumhudumia mteja ndiye anamaliza. Mume akiulizwa anajibu "umeshaongea na mama? Basi hiyo hiyo." Kijana wa duka naye ajue hivyo, maana kijana aliyegundua kwamba mama akikataa baba anakubali, hutamuweza tena.

Kuna jambo utaliona mkeo akianza, na nakuomba ujiandae kwa hilo kuliko mengine yote. Mteja ataingia, atamkuta mkeo kaunta, atauliza: "Mwenye duka yupo?" Nimesimama pale, nimeshika kalamu, nimemtajia tofauti ya bati geji 28 na geji 30, bado anachungulia nyuma yangu kumtafuta mwanaume. Siku za mwanzo mume wangu alikuwa anatoka stoo, anamsikiliza, kisha ananielekezea kidole: "Mwenye duka huyo hapo, mimi napakia tu." Anarudi stoo. Basi. Sikuwahi kumwomba afanye hivyo. Kama wewe ni wa kuja kunyakua mteja na kusema "ngoja nikusaidie mimi kiongozi", mwache mwalimu wa watu na chaki zake.

Sasa makaratasi, ambayo najua hukuyauliza. Duka limesajiliwa kwa jina la nani? Kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiwa kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa ni ya huyo mmoja hadi ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, inachukuliwa kuwa ni nusu kwa nusu. Wakiachana, mahakama inagawa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, iwe fedha, mali au kazi, hicho ni kifungu cha 114. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Wanawake wengi tunaitaja kesi hiyo kama ngao. Wachache wanataja kwamba Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu, kwa kuwa ilionekana alishapewa fedha na mumewe akazitumia hovyo. Kwa hiyo mimi siitegemei. Jina la biashara kule BRELA, kwa wasajili wa biashara, linaweza kusajiliwa kwa wamiliki zaidi ya mmoja, nasi la kwetu lina majina mawili. Akaunti ya benki ina saini mbili. Lipa namba, ile ya kupokea malipo kwa simu, ni ya duka, na ujumbe wake unaingia kwenye simu ya kaunta ambayo inalala dukani, haiendi mfukoni kwa mtu. Hili halihusu kuachana tu. Mmoja akifariki, mashemeji wanafika kabla ya arobaini.

Nikija kwenye maisha nje ya duka, ushauri unaorudiwa sana ni "ya dukani yaishie dukani." Sijawahi kuona mtu mwenye duka akiuweza. Dereva wa lori anapiga saa nne usiku gari limeharibika Chalinze na mzigo wako umo, utamwambia upige asubuhi, mimi niko nyumbani? Sisi duka tunalizungumza nyumbani kila siku, baada ya chakula, barazani, na daftari likiwa wazi, mpaka tumalize. Daftari likifungwa, anayelirudisha anaosha vyombo. Mume wangu ameosha vyombo vingi.

Ninachokiona kigumu zaidi ni kukosa kingine cha kuzungumza. Mtu mliyeshinda naye kutwa humsimulii kitu jioni, alikuwepo. Kichekesho cha mteja wa saa tano alikisikia, ugomvi wa mpakiaji aliuamua yeye. Mnaketi mezani mkitazamana kama abiria wa basi moja waliochoka. Mke wa mwalimu mkuu au wa dereva anangojea habari, mimi habari zote nilishaziona. Kwa hiyo kila mmoja wetu ana mahali ambapo mwenzake hayupo, na hilo tunalichunga kuliko hata mauzo. Alhamisi saa kumi jioni nakwenda kwaya. Foleni iwepo isiwepo, natundika aproni naondoka. Jumapili asubuhi yeye anacheza mpira na maveterani, kisha wanakaa kwenye kahawa kubishana Simba na Yanga mpaka mchana. Mimi sina timu. Lakini akirudi ana hadithi, nami nina zangu za sauti ya pili waliogombana na mwalimu wa kwaya. Simfuati kahawani, hanifuati mazoezini. Kuna rafiki yangu na mumewe wenye duka la vipodozi wanaofanya kila kitu pamoja, hadi kikoba kimoja, nao wana furaha. Labda ni tabia. Mimi ningeshakimbia.

Jumapili tunafunga. Utaambiwa fundi akikosa misumari Jumapili atahamia kwa jirani. Wachache walihama, wengine wakazoea kununua Jumamosi jioni, na Jumamosi yetu ikawa nzito kuliko zamani. Mara moja moja tunawapandisha watoto Morningside, kule juu Uluguru kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani, tunakula chapati na machungwa, tunarudi na matope. Watoto wa duka wanahitaji kuwaona wazazi wao wakiwa hawahesabu kitu. Wa kwetu walifanyia kazi za shule juu ya mifuko ya saruji, na mdogo aliwahi kumtajia bibi yake bei ya pumzi aliyopulizia puto.

Ndugu na michango, kwa kifupi. Wenye duka mnaonekana mna pesa, na kadi za harusi zitakuja mara mbili, moja kwako na moja kwake. Tumeweka fungu la mwezi, likiisha tunasubiri mwezi mwingine, hata awe binamu. Anayekuja kuomba bati kwa mkopo anajibiwa na mwenye ndugu: wa kwako kataa wewe, wa kwangu nakataa mimi. Mke akimkatalia kaka wa mumewe, ukoo mzima utajua kwamba "yule mwanamke ndiye anabana". Mume akikataa mwenyewe, watasema hali ni ngumu tu.

Nirudi kwa mwalimu wako. Kabla hajaandika barua, kumbukeni anachoacha. Mshahara wake mnauona kila mwezi, lakini kuna kadi ya bima ya afya ya NHIF inayowabeba yeye, wewe na wategemezi hadi wanne, na kuna michango yake ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Duka haliwapi hivyo mpaka mjilipie wenyewe. Mtoto mmoja akilazwa wiki ya masika ambayo mauzo yamelala, ndipo utajua mshahara wa mwalimu ulikuwa unafanya nini. Mimi kama ningekuwa na ajira ya serikali, nisingeiacha mpaka duka limebeba bima ya familia nzima na akiba ya uzee kwa mwaka mzima bila kuyumba.

Shule zinafunga Juni. Mlete hizo wiki, na mumlipe. Usimweke pembeni yako ajifunze kwa kukuangalia. Mkabidhi droo, daftari na simu ya kaunta, mwonyeshe bei, halafu wewe ondoka. Nenda kafuate mzigo, nenda kijijini kasalimie, popote. Ikiwa siku ya kwanza tu unapiga simu kila saa kuuliza ameuza shilingi ngapi, Julai mwache arudi darasani, na wewe tafuta kijana.