Mwimbaji Huyu Alilipwa Mshahara na Nani?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: ni swali gani la chemshabongo kuhusu burudani za miaka ya 80 na 90 ambalo msomaji hupenda kuwauliza waliozaliwa baadaye, na kwa nini analipenda hilo? Mimi langu ninalo siku nyingi. Nimeliuliza kwenye vikao vya harusi, nimeliuliza kwenye misiba tukikesha barazani, nimeliuliza hata ndani ya daladala foleni ya Ubungo ilipogoma kusogea. Sio "nani aliimba wimbo huu", maana hilo siku hizi simu hulijibu hujamaliza hata kuuliza. Langu ni hili: mwimbaji huyu alilipwa mshahara na nani?

Nianze na marehemu Muhidin Maalim Gurumo, kwa sababu yeye peke yake ni mtihani mzima. Mwaka 1970 mwajiri wake alikuwa nani? Watu wa rika langu hapo hawapati shida: NUTA, chama cha wafanyakazi, ambacho bendi yake ilianza mwaka 1964. Na mwaka 1986? Wanakuna vichwa kidogo, kisha mmoja anakumbuka kwamba alikuwa Safari Sound, ile ya mtindo wa Ndekule, bendi ya mfanyabiashara Hugo Kisima. Haya, mwaka 1980? Hapo ndipo wengi huzama. Wanasema Sikinde, na ni kweli alikuwa Sikinde, lakini mimi sijauliza bendi, nimeuliza mwajiri. Jibu ni kampuni ya teksi. Mlimani Park Orchestra, ndiyo Sikinde yenyewe, ilipoanza mwaka 1978 ilikuwa mali ya TTTS, kampuni ya usafiri na teksi, na haikuingia mikononi mwa DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, mpaka mwaka 1983. Nikilitaja jibu hilo nawatazama watu usoni. Wanatabasamu kwanza, halafu wananyamaza, kisha anatokea mmoja anauliza, "Sasa kampuni ya teksi ilikuwa na shida gani na muziki?" Hapo ndipo mazungumzo yenyewe huanza, na ndiyo sababu nalipenda swali hili.

Jibu lake ni kwamba karibu kila taasisi ilikuwa na bendi, na kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina. UDA, shirika la mabasi la Dar es Salaam, lilikuwa na UDA Jazz na mtindo wake wa Bayankata. Shirika la Bima la Taifa lilikuwa na Bima Lee, Magnet Tingisha. Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz ya Hemed Maneti, Pambamoto, mpaka Maneti alipotutoka mwaka 1990. JKT ilikuwa na Kimulimuli, ambako Zahir Ally Zorro alijulikana. JWTZ ilikuwa na Mwenge Jazz, wana Paselepa. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Na Iringa, kwenye kiwanda cha kukata almasi, walikuwepo Tancut Almasi, Fimbo Lugoda, na mapacha wawili kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, ambao sauti zao zilishikana hata usijue ya huyu inaishia wapi na ya yule inaanzia wapi. Hebu fikiria: almasi inakatwa mchana, jioni kiwanda hicho hicho kinakupigia rumba.

Kijana wa leo akisikia haya hudhani ilikuwa anasa ya serikali. Hapana. Ile ilikuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni, nchi haina fedha za kigeni. Gitaa, amplifaya, seti ya ngoma na saksafoni vilitoka nje, na aliyeweza kuvipata alikuwa shirika, chama au jeshi. Mwanamuziki alikuja na kipaji chake mkononi. Chombo kilikuwa mali ya mwajiri, na siku akihama alikiacha. Ndiyo maana wanamuziki walihama kama wachezaji wa mpira, na sisi tulifuatilia uhamaji ule kama tulivyofuatilia usajili wa Simba na Yanga. Mwaka 1978 Gurumo na wenzake waliondoka JUWATA, jina jipya la NUTA wakati huo, wakaenda kujenga Mlimani Park. Mwaka 1985 Gurumo huyo huyo na Abel Balthazar wakachukuliwa na Safari Sound. Mwimbaji Shaaban Dede alipita Msondo, ndiyo bendi ile ile ya JUWATA, akapita Bima Lee na Sikinde. Watu waligombana kweli mitaani juu ya mambo haya. Shabiki wa Msondo hakukubali kukaa meza moja na wa Sikinde siku ya mpambano wa sikukuu.

Na hapo huwa nawatupia swali la pili, dogo: Msondo na Sikinde maana yake nini? Vijana hudhani ni majina ya kubuni tu. Msondo ni ile ngoma ndefu. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, na ndiyo maana waliimba "Sikinde ngoma ya ukae", yaani ngoma ya nyumbani. Bendi mbili kubwa kuliko zote mjini, zenye magitaa ya umeme na tarumbeta, zikajiita kwa ngoma za watu wa Pwani. Kwangu mimi hilo ni kubwa. Lilisema muziki huu ni wetu, hata kama kibao kimetoka Cuba kikapitia Kinshasa.

Si wote walioajiriwa, lazima niseme. Maquis, waliofika kutoka Zaire mwaka 1972, waliunda kampuni yao wenyewe, OMACO, wakawa wenye bendi na wenye hisa. Ukumbi wao ulikuwa White House pale Ubungo, na mtindo wao wa "Kamanyola bila jasho" ulikuwa midomoni mwa kila mtu. Remmy Ongala na Super Matimila walifika mbali zaidi: mwaka 1989 albamu yao ilitoka Uingereza kwenye lebo ya mwimbaji Peter Gabriel. Leo abiria wanasema "kwa Remmy shusha" pale Sinza, na wengi wao hawajui Remmy ni nani. Na wale waliovuka kwenda Nairobi ni habari nyingine kabisa, kama akina Kinyonga, Wilson na George, watoto wa Tanga waliojenga Simba Wanyika huko. Kule mwanamuziki aliishi kwa klabu na santuri.

Santuri ndiyo tuliyoikosa sisi. Hatukuwa na kiwanda cha kuzichapa, na mpaka wa Kenya ulifungwa kuanzia 1977 hadi mwishoni mwa 1983. Kwa hiyo bendi iliingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ikarekodi, na wimbo ukabaki redioni. Ukitaka uwe wako, uukamate wewe mwenyewe ukiwa hewani. Kazi hiyo nyumbani kwetu Magomeni ilikuwa yangu. Unaweka kaseti, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, cha kurekodi na cha kupiga, halafu unaomba Mungu mtangazaji asiongee juu ya utangulizi. Kaseti mpya ilikuwa ghali, tukarekodi juu ya ya zamani. Ile yenye hotuba au kaswida mtu huwa ameshaivunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni isifutike, basi unaziba matundu kwa karatasi iliyotafunwa, na inarekodi. Betri zikichoka tulizianika juani kwenye bati, zikatupa nusu saa nyingine. Nusu saa hiyo ilitosha nyimbo tatu za Sikinde, maana wimbo mmoja haukuwa mchezo: maneno kwanza, taratibu, kisha gitaa linabadilika, tarumbeta zinaingia, na hapo ndipo watu husimama.

Sasa niseme kwa nini swali la mshahara linanigusa mimi binafsi. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa mpiga tarumbeta. Bendi yake haikuwa kubwa, na sitataja ni ya shirika gani. Jumapili alipita nyumbani kula kabla ya dansi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na mkononi lile sanduku jeusi. Hakuruhusu mtoto aliguse. Wimbo wao ukipigwa redioni aliinua kidole na kuniambia, "Mjomba, nyamaza, nasikiliza kazi." Sisi tuliita muziki. Yeye aliita kazi, na alimaanisha: alikuwa na likizo ya mwaka, alikuwa na matibabu, aliomba ruhusa kwa barua bibi yetu alipofariki. Shangazi zangu walioona aibu kuwa na muhuni wa bendi kwenye ukoo walinyamaza siku alipoweka kitambulisho chake mezani. Ninacho mpaka leo. Kadi ya rangi ya maziwa, kona moja imeliwa na mende, picha yake akiwa na nywele nyingi, mhuri wa bluu umempitia begani. Chini ya jina kuna mstari wa cheo, na kwenye mstari huo, kwa taipureta ambayo herufi yake ya "w" ilikuwa inaruka juu kidogo, pameandikwa: Mwanamuziki.

Miaka ya 90 ilibadilisha mambo haraka. Mashirika yalianza kupunguza watu, kisha yakabinafsishwa au kufungwa, na bendi ndiyo ilikuwa mzigo wa kwanza kutupwa. JUWATA ikawa OTTU mwaka 1991, na Msondo ikabaki kuhangaika mpaka ikasimama kwa miguu yake. Mwaka 1994 Radio One na ITV zilianza, na kwa mara ya kwanza sisi wa Bara tukawa na televisheni, wakati ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 70. Julius Nyaisanga, ambaye sauti yake tuliizoea RTD, tukaanza kumsikia kule. Vijana wakashika rapu ya Kiswahili, na sikuwalaumu, nilikuwa nao, nilinunua kaseti za Kwanza Unit kama wenzangu. Mwimbaji Marijani Rajab alifariki mwaka 1995, na nakumbuka siku hiyo mjomba alikaa uwanjani kwetu chini ya mwembe tangu asubuhi hadi magharibi bila kutaka chakula.

Yeye mwenyewe aliitwa ofisini mwaka uliofuata. Alipewa barua na mwezi mmoja. Tarumbeta ilikuwa mali ya shirika, akairudisha stoo akasaini daftari. Alirudi mara mbili kuomba aiuziwe. Mara ya kwanza akaambiwa asubiri tathmini, mara ya pili stoo ilikuwa na kufuli jipya na mlinzi asiyemjua. Hakupuliza tena. Aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo akiuza vipuri vya baiskeli Manzese, na vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia havikuacha kucheza juu ya goti kila wimbo ulipopita.

Mwezi uliopita binti wa dada yangu, ambaye anasoma chuo, aliikuta kadi ile kwenye kabati nilipomtuma miwani. Akaisoma, akaja nayo. "Mjomba, hivi shirika hili lilikuwa linaajiri mwanamuziki wa nini?" Nikatoa redio kaseti niliyoitunza na kaseti moja ambayo sijamwazima mtu. Upande A, wimbo wa pili. Nilimwambia asubiri, kwa sababu maneno ni marefu na tarumbeta inachelewa kuingia. Ikaingia. Anapiga peke yake, sauti imepanda juu kabisa, anaivuta, anaivuta tena, na anapotaka kushuka nayo inasikika ile ngoma ya RTD ya taarifa ya habari, kisha mtangazaji anataja saa. Nilikuwa nimerekodi hewani, na mkono wangu wa miaka kumi na nne haukukatisha kwa wakati. Hiyo ndiyo nakala pekee tuliyonayo. Binti akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha.

Msomaji wenu, Dar es Salaam