Kabla hujapeleka simu ya zamani makumbusho

Umeuliza utawasaidiaje wanaojitolea kuendesha makumbusho ya simu, na kama simu yako ya kuzungusha namba itawafaa. Waulize kwanza. Simu za mezani za kawaida mara nyingi wanazo tele. Kinachopungua ni vipuri, michoro ya nyaya na mikono ya kazi.

Wakiikubali, usiing'arishe. Futa vumbi kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, basi. Dawa kali hula uso wa bakelaiti, ile plastiki ngumu ya simu za zamani, na mng'ao haurudi. Waya uliovikwa kitambaa usiukate hata kama umechakaa. Andika simu ilitumika wapi na miaka gani, la sivyo inabaki chombo tu.

Sauti yako ikisikika hafifu upande wa pili, huenda chembe za kaboni kwenye kipaza sauti zimegandamana: gongagonga mkono wa simu kiganjani. Kisahani cha kuzungusha namba nacho hutoa mapigo ya umeme kama 10 kwa sekunde. Kikizubaa, mitambo ya zamani ya kuunganisha simu hukosea namba. Ukiifungua simu, chomoa waya wa laini kwanza: kwa kawaida hubeba volti 48 hivi, lakini kengele inapolia hufika karibu 90, na hiyo inarusha.

Kuhusu pesa, mchango mdogo wa kila mwezi huwafaa zaidi, kwani pango na umeme havingoji.