Kabla Hujamlipia Tuisheni ya Desemba

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Kahama. Shule zimefungwa, ripoti ya mwanawe wa darasa la tatu imetoka, mtoto kawa wa 61 kati ya 84. Anauliza: "Dada, nimpeleke tuisheni mwezi mzima au nimwache apumzike? Baba yake kakasirika, mimi silali."

Dada yangu, nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Mwaka jana, mwezi kama huu, mimi ndiye niliyekuwa silali. Mwanangu alimaliza darasa la tatu akiwa wa 58 kati ya 71, Hisabati 38. Leo ninapoandika, ripoti yake ya darasa la nne ipo mezani mbele yangu: wa 9 kati ya 68, Hisabati 81. Nimeipiga picha nikawatumia ndugu wote, na wala sioni haya kulisema hilo.

Lakini nianze mbali kidogo.

Desemba 2022 alikuwa amemaliza darasa la kwanza. Alikuwa anasoma vizuri tu, sentensi fupi fupi, anafuata kwa kidole. Nikasema mtoto kachoka, mwache. Wiki tano nzima ilikuwa katuni tangu asubuhi, mchana simu yangu, jioni mpira. Daftari liliingia uvunguni siku ya kufunga shule, likatoka uvunguni siku ya kufungua. Wiki ya pili ya muhula mwalimu wa darasa akaniita. Akamwekea kitabu kilekile alichokuwa anakisoma Novemba. Mtoto akatazama neno "mkulima" kama anaona mdudu. Akasema "m", akanyamaza, akanitazama mimi. Sitasahau yale macho.

Nilipofika nyumbani nilimchapa. Naandika hili nikijua mama mkwe anasoma ninachoandika. Nilimchapa mtoto wa miaka saba kwa uvivu ambao ulikuwa wangu.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili si la mwanangu peke yake. Mtafiti wa Marekani, Harris Cooper, na wenzake walizikusanya tafiti kuhusu likizo ndefu ya kiangazi ya kule, wakachapisha matokeo yao mwaka 1996: kwa wastani mtoto hurudi shuleni akiwa amepoteza kiasi cha mwezi mmoja wa masomo. Hisabati huumia zaidi. Kwenye kusoma, watoto wa familia zenye uwezo mdogo ndio wanaorudi nyuma. Likizo yao ni ndefu kuliko yetu ya Desemba, ni kweli. Lakini wa kwangu alikuwa wa darasa la kwanza, na kile kidogo alichokuwa nacho kilikuwa bado hakijashika.

Basi mwaka 2023 nikaenda upande wa pili kabisa. Nikamlipia tuisheni, Sh 20,000 kwa wiki, kwenye chumba kimoja cha mabati hapa mtaani, watoto zaidi ya arobaini, joto la Dar es Salaam la Desemba mnalijua. Saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Walikuwa wanafanya mitihani ya zamani, wanasahihishwa, wanafanya mingine. Wiki ya pili mtoto akaanza kuumwa tumbo kila asubuhi. Nikampeleka zahanati, wakampima, hana kitu. Jumamosi na Jumapili tumbo haliumi. Nilikuwa nimeshalipa mwezi mzima, kwa hiyo niliendelea kumpeleka. Mwaka uliofuata akaanza darasa la tatu akiwa anachukia hata kuiona kalamu, na mwisho wa mwaka huo ndio tukapata ile namba 58.

Nilipoipata ile ripoti tulikuwa kwenye shughuli ya kifamilia. Ndugu mmoja upande wa mume wangu akaichukua, akaisoma kwa sauti mbele ya watu, akasema, "Huyu kachukua kichwa cha mama yake." Watu wakacheka. Mwanangu alikuwa amesimama pale pale na sahani ya pilau mkononi. Nimesamehe, kwa sababu dini yangu inaniambia nisamehe, lakini kila nikishika ripoti nasikia kile kicheko. Wazazi wenzangu, msisome ripoti ya mtoto mbele ya watu. Na ukikuta inasomwa, inyang'anye.

Desemba 2024 sikuwa na hela ya tuisheni wala moyo wa tuisheni. Nikamchukua tukaenda Marangu kwa bibi yake. Nilinunua kitu kimoja tu, kaunta buku ya kwaya mbili. Sikuwa na mpango wowote wa maana, niseme ukweli. Nilitaka tu asikae bure.

Safari yenyewe ilinifungua macho. Nilimwambia aandike kila mji tunaoupita: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo. Kila kibao chenye kilomita anaandika, anatoa, ananiambia zimebaki ngapi. Tulipofika Same alikuwa anamwambia kijana wa kiti cha nyuma saa ngapi tutafika Himo. Mtoto aliyepata 38.

Bibi yake ana ng'ombe wawili wa bandani na anawauzia majirani maziwa kwa mkopo, wanalipa mwisho wa mwezi. Hesabu zote zilikuwa kichwani mwake. Macho yamepungua, miwani imevunjika mkono mmoja kafunga uzi. Siku ya pili akamwambia mjukuu: "Wewe si unasoma? Niandikie." Basi kaunta buku ikawa daftari la maziwa. Jina la jirani, tarehe, lita, deni. Kila asubuhi na kila jioni, yuko bandani na kalamu.

Siku ya kufunga mahesabu walikaa wawili barazani, mimi nasonga ugali nawasikia. Kuna jirani anachukua lita moja na nusu kila siku. Mtoto akaanza kujumlisha siku moja moja, akafika siku ya kumi na moja akachoka, akanyamaza, halafu nikamsikia: "Bibi, si nizidishe tu?" Siku 30, lita 45, kwa Sh 1,500, ni Sh 67,500. Bibi akasema hapana, yule hulipa 60,000. Mtoto akarudia. 67,500. Akarudia tena kwa vidole. 67,500. Bibi akavua miwani. Alikuwa anapokea pungufu miaka na miaka, na yule jirani wala si mwizi, walikadiria tu siku ya kwanza wakazoea. Tangu mwezi ule analipa kamili, na bibi anamwita mwanangu "mhasibu wangu." Ninyi mliowahi kuambiwa mtoto wenu ana kichwa kizito mnajua neno kama hilo lina uzito gani.

Usiku, kwa sababu ya miwani ile, bibi alitaka asomewe Biblia. Hapo ndipo kusoma kulipopona. Bibi hakuwa anampima. Alitaka kusikia. Mtoto akimeza neno, bibi anasema, "Rudia hapo, sijaelewa," na kweli hajaelewa. Akisoma mbio anaambiwa apunguze. Siku za kwanza mistari mitano ilimchukua robo saa. Mpaka tunaondoka alikuwa anamaliza sura nzima na bibi anasinzia kwa raha. Na kila Jumapili aliandika barua ya ukurasa mmoja kwa baba yake aliyebaki Dar, naipiga picha naituma WhatsApp, na baba yake anajibu kwa barua, si kwa sauti. Hilo nililisisitiza.

Januari mpaka Novemba nitaziruka. Ilikuwa kazi ya kawaida, dakika thelathini kila jioni, siku nyingine tumegombana, siku nyingine umeme umekatika. Ila mwalimu aliniambia wiki ya kwanza kabisa: "Huyu safari hii kaja ameamka."

Sasa dada wa Kahama, nikujibu.

Kwanza iache hiyo nafasi ya 61. Angalia alama za somo moja moja. Hata Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa mwaka 2023; wewe unamtangazia mtoto nafasi yake ya nini? Mpigie mwalimu wa darasa simu kabla hajasafiri, muulize kitu kimoja: mwanangu alikwama wapi? Si "anaendeleaje." Alikwama wapi. Ni kuzidisha? Ni kusoma habari na kujibu maswali? Hapo ndipo pa kushika.

Pili, mpe wiki moja ya kulala na kucheza, bila kitabu. Baada ya hapo nusu saa asubuhi, inatosha. Asome kwa sauti kwa mtu anayetaka kusikia. Kama hana bibi karibu, asome kwako ukiwa unachambua mchele. Vitabu si lazima ununue, Taasisi ya Elimu Tanzania wameweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yao ya mtandaoni, unafungua kwa simu. Lakini asome kwa sauti. Narudia, kwa sauti.

Tatu, mpe hesabu zenye hela ya kweli. Kama unauza vitumbua aandike yeye. Kama unakwenda sokoni abebe yeye noti na akuambie chenji kabla muuzaji hajasema. Akikosea, hela ipotee kidogo. Hataisahau.

Tuisheni ya mwezi mzima, mimi nasema hapana. Shule zenyewe hukumbushwa zisiwakalishe watoto madarasani wakati wa likizo. Sisi wazazi tunawatoa mlango wa mbele na kuwaingiza wa nyuma. Tunanunua amani yetu wenyewe. Tunataka mtu mwingine akae na mtoto ili sisi tuseme tumelipa. Mtoto anajua. Tumbo lake linajua.

Na usiseme ni wa darasa la tatu, muda upo. Mtaala umebadilika. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024, kama wa kwangu, watamaliza elimu ya msingi 2027 wakiwa la sita, pamoja na wale wa la saba wa mwaka huo. Watoto wanaokuja nyuma yao nao ni miaka sita. Lile darasa la saba tulilolitegemea la kujikokota na kufidia halipo tena.

Mwambie na baba yake apunguze hasira. Akitaka kusaidia, aandikiane barua na mtoto.

Sisi kesho alfajiri tuko Stendi ya Magufuli, safari ya Marangu. Bibi alipiga simu jana akaomba kuongea na mhasibu wake: mtamba aliyemkuza mwenyewe amezaa, sasa wanakamuliwa watatu. Mtoto alipokata simu alichukua rula, akafungua kaunta buku mpya, akaanza kuchora safu ya tatu.