Diski ikichomekwa muda wote

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga picha za harusi, na kazi zote za wateja ziko kwenye kompyuta ya nyumbani. Diski ya nje imechomekwa saa zote, inanakili yenyewe. Virusi vya kufunga mafaili na kudai fedha vikija, si nitakuwa salama?
– Mpiga picha, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hapana, hauko salama. Virusi hivyo hufunga kila diski ambayo kompyuta inaweza kuiandikia, pamoja na hiyo yako. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilifanya hivyohivyo, kikidai dola 300 kwa bitcoin, sarafu ya mtandaoni.

Tafuta diski ya pili. Wiki hii nakili kwenye moja, ichomoe, ifungie kabatini. Wiki ijayo tumia nyingine. Kila mara fungua folda mpya yenye tarehe. Ukiandika juu ya nakala ya zamani, unaweza kufuta iliyo nzima ukabaki na iliyoharibika. Flashi za bei chee za mtaani sizipendi kwa kazi hii.

Halafu fungua picha mbili tatu kutoka kwenye diski uliyonakilia, uone kama zinafunguka kweli. Watu wengi hawafanyi hivyo. Na ukikuta mafaili yamebadilika majina ghafla, chomoa intaneti, na diski ya kabatini usiiguse kabisa mpaka kompyuta isafishwe na kuwekewa Windows upya.