Shule imefaulisha wangapi? Uliza kwanza waliingia wangapi

Safari hii tumejibu barua nne kutoka Mkoa wa Kigoma. Zote zinahusu matokeo ya kidato cha nne katika sekondari za serikali.

Mwanangu yuko kidato cha kwanza na mjomba wake anataka ahamie kwake. Shule ya kwetu imefaulisha asilimia 90, ya huko asilimia 80. Kuna haja ya kuhama?
*Mzazi, Kibirizi*

Mzazi, "kufaulu" hapo ni neno pana mno. Baraza la Mitihani huchukua masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi na kuyapa pointi: A ni 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Jumla ya pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni ziro. Mwenye D mbili na F tano ana pointi 33. Huyo naye kafaulu, yumo ndani ya hiyo asilimia 90, na D yenyewe huanzia alama 30 kwa 100. Lakini anayetaka kidato cha tano anahitaji angalau C tatu. C tatu na D nne ni pointi 25, ukingoni kabisa mwa daraja la tatu.

Kwa hiyo gawa hesabu mara mbili. Tuseme, kwa mfano tu, shule ya kwenu ilikuwa na watahiniwa 120: daraja la kwanza 2, la pili 8, la tatu 15, la nne 83, ziro 12. Waliofaulu ni 108, ndiyo asilimia 90. Ila waliopata la kwanza hadi la tatu ni 25, sawa na asilimia 21. Ya mjomba ilikuwa na watahiniwa 80: 6, 14, 20, 24, ziro 16. Ufaulu ni asilimia 80, lakini waliofika daraja la tatu au zaidi ni 40, nusu nzima. Mpaka hapo mjomba ameshinda.

Sasa uliza waliingia wangapi kidato cha kwanza miaka minne nyuma. Kama kwenu waliingia 150 na kwa mjomba 160, basi kwa mjomba nusu ya watoto hawakuonekana chumba cha mtihani. Ukigawa kwa walioingia, la kwanza hadi la tatu ni asilimia 25 kwa mjomba na 17 kwenu. Pengo limepungua sana. Ufaulu wa jumla ndio unapinduka: 72 kwenu, 40 kwake. Mtoto anayejiweza atafaidika huko. Anayesuasua, afadhali abaki panapomshikilia mpaka mwisho.

GPA ya shule, yaani wastani wa gredi zake, utaikuta kwenye karatasi ya matokeo. Inasomwa kinyume na ilivyozoeleka: 1 ndiyo bora, 5 ndiyo mbaya. Na usisubiri orodha ya shule kumi bora. Tangu matokeo ya mwaka 2022, yaliyotoka Januari 2023, Baraza liliacha kuitangaza.

Wavulana wetu wameshuka miaka miwili mfululizo na bodi inataka maelezo. Nina majina, gredi na madaftari ya mahudhurio, basi. Nianzie wapi?
*Mwalimu wa taaluma, sekondari ya kata, mwambao wa Kigoma Vijijini*

Mwalimu, madaftari ya mahudhurio ndiyo mali uliyonayo, kuliko hata gredi. Tengeneza jedwali moja kwa kila darasa, mwanafunzi mmoja mstari mmoja: jinsia, kitongoji, dakika za kutembea hadi shule, anakaa na nani, matokeo ya upimaji wa kidato cha pili, siku alizokosa kila muhula, na pointi za mwisho. Andika dakika badala ya kilomita, maana kilomita tatu za mlima si sawa na tatu za ufukweni. Kwenye "anakaa na nani" weka wazazi, ndugu au geto. Wa geto mtenge peke yake, kwani anapika mwenyewe na hana wa kumwamsha. Kabila na dini acha kabisa. Hakuna utakalolifanyia kazi hapo, na wazazi watakushuku bure.

Kisha wagawe kwa siku walizokosa: chini ya 10, 10 hadi 20, zaidi ya 20. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo 20 ni kama sehemu ya kumi ya mwaka. Tafuta wastani wa pointi wa kila kundi, wavulana mbali na wasichana mbali. Ikiwa mvulana na msichana waliokosa siku sawa wana pointi zinazokaribiana, basi tatizo lako halina jinsia. Ni utoro, na wavulana ndio wengi humo.

Sasa weka daftari kando ya kalenda ya mwezi wa angani. Hili ni jambo la shule za mwambao, Kibondo walio mbali na ziwa hawana. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi huzishinda taa, hivyo mitumbwi hupumzika mwezi unapokuwa mpevu. Alama za kutokuwepo zikirundikana wiki za giza na kutoweka mwezi ukiwa mkubwa, vijana wako ziwani. Zikitawanyika ovyo mwaka mzima, angalia ugonjwa na umbali. Kipimo kingine unacho tayari: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Linganisha mahudhurio ya miezi hiyo na ya miezi hiyo hiyo mwaka 2023, ukiondoa likizo ya katikati ya mwaka, la sivyo utadhani watu walitoroka kumbe shule ilikuwa imefungwa.

Daftari nalo hudanganya. Likiitwa mara moja tu asubuhi, kijana aliyetoka ziwani alfajiri anaitika "nipo", saa nne analala juu ya dawati au ameshatoka kwa uzio wa nyuma. Kwa msichana hukosea upande wa pili: anachelewa kwa kuanika dagaa, anaandikwa hayupo, kumbe kaingia kipindi cha pili. Iteni majina tena baada ya mapumziko kwa mwezi mmoja tu, mtaona tofauti.

Mkishajua hivyo, majaribio na vipindi vya ziada viangukie wiki za mbalamwezi. Bodi nayo izungumze na BMU ya mwaloni, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi hapo, maana wanamjua kila anayepanda mtumbwi. Barua kwa wazazi peke yake haitoshi. Kipato cha usiku mmoja kinaingia nyumba ile ile inayosoma barua.

Kama darasa lina wavulana 18, mmoja tu ni karibu asilimia 6. Kushuka kwa asilimia 6 hakuhitaji kikao.

Kuna hoja kwamba wanafunzi dhaifu wa kidato cha tatu wahamishwe kimyakimya ili ufaulu upande. Mnasemaje?
*Mjumbe wa bodi ya shule, Kasulu*

Utapanda, ndiyo, bila mtoto hata mmoja kujua zaidi ya alichojua jana. Pendekeza bodi idai karatasi ya pili kila matokeo yakisomwa: orodha ya walioingia kidato cha kwanza, kila jina likiwa na neno moja mbele yake: amefanya mtihani, amehama, anakariri, ameacha, amefariki, hajulikani aliko. Aliyehama kweli huthibitishwa kwa namba yake ya PREM, yaani namba ya utambulisho wa mwanafunzi. Asiyeonekana shule aliyodaiwa kwenda ni "hajulikani". Anayekariri baada ya kushindwa upimaji wa kidato cha pili mhesabuni na kundi aliloanza nalo kidato cha kwanza, asije akahesabiwa mara mbili.

Msome orodha hiyo kwa jinsia pia. Wasichana wakipungua kati ya kidato cha pili na cha tatu, ulizeni mimba na ndoa kabla ya kuuliza akili. Tangu Novemba 2021 aliyeacha masomo kwa kujifungua anaruhusiwa kurudi mfumo rasmi, kwa hiyo "ameacha" si neno la mwisho. Mtu wa kwenda nyumbani kwake atajwe kwa jina ndani ya kikao.

Watoto wetu nyumbani ni Kiha, msingi wamesoma kwa Kiswahili, sekondari Kiingereza. Si hiyo ndiyo sababu ya ziro?
*Mzazi, Buhigwe*

Huenda, ila pimeni kwanza. Karatasi ya matokeo ina GPA ya kila somo. Kiswahili kikiwa sawa huku Historia, Jiografia na Baiolojia zikianguka pamoja, lugha inahusika. Kiswahili nacho kikianguka, Kiingereza hakiwezi kubeba lawama zote. Hisabati iacheni nje ya hesabu hii, imezoea kushika mkia hata penye Kiingereza kizuri. Kisha mwombeni mwalimu wa somo afungue karatasi za mtihani wa utimilifu (mock): swali lililoachwa wazi mara nyingi halikueleweka, lililojibiwa kirefu na kimakosa halikusomewa.