Mistari ya wima na dari iliyo chini

Umeuliza kama kupaka mistari ya wima ukutani kutaifanya sebule yenye dari iliyo chini ionekane ndefu zaidi kwenda juu. Wengi husema ndiyo, lakini mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alikwisha kuonyesha katika karne ya 19 kwamba mraba uliojazwa mistari ya mlalo huonekana mrefu na mwembamba kuliko mraba ulio sawa nao wenye mistari ya wima, kwa hiyo nisingetegemea kanuni hiyo peke yake. Ningekushauri upake ukuta mmoja tu, kwa mistari mipana ya rangi zinazokaribiana, kwa sababu mistari myembamba ya nyeusi na nyeupe huchosha macho ya mtu anayekaa humo jioni nzima. Tafadhali pima kwa timazi (uzi wenye kizito mwishoni) badala ya kufuata kona, maana kona za nyumba nyingi hazikunyooka, na ubandue utepe uliotumia kutenga mistari kabla rangi haijakauka kabisa ili kingo zibaki safi. Ukisita kupaka, anza na foronya za mito zilizoshonwa kwa kikoi, ambacho mistari yake hufumwa ndani ya kitambaa chenyewe.