Begi la kumbebea mtoto mlimani: anza na mgongo wako

Jumamosi iliyopita tulifika kileleni sote wanne. Mkubwa wetu, anayekaribia miaka 4, alipanda sehemu kubwa kwa miguu yake. Mdogo, mwenye mwaka 1 na miezi 2, alikuwa mgongoni kwangu tangu chini hadi juu, anaonyesha kila ndege kwa kidole. Nilipoweka picha, dada mmoja anayenisoma siku zote akaniandikia: "Dada, hilo begi ni la kampuni gani? Na mimi nataka hilohilo."

Nilianza kumjibu, nikafuta. Miaka 3 iliyopita na mimi nilimuuliza mtu swali hilohilo, akanitajia kampuni, nikanunua. Yaliyofuata sijawahi kuyaandika mahali popote.

Mkubwa alikuwa na miezi 8 na kilo 8. Mume wangu alilijaribu begi dukani likiwa tupu, akasema liko sawa, na mimi nikatazama rangi na mifuko. Begi lilikuwa zuri kweli. Tulikubaliana tubadilishane njiani, yeye nusu na mimi nusu, lakini hakuna aliyefikiria kunivisha mimi hata dakika moja. Mume wangu ni mrefu, mimi mfupi, na mgongo wa begi lile haukuwa na namna ya kushushwa wala kupandishwa.

Ilipofika zamu yangu, mkanda wa kiunoni ulikaa chini ya nyonga, karibu na mapaja. Nikaukaza, ukateleza. Nikaukaza tena. Mzigo wote ukahamia mabegani. Hesabu nilikuja kuifanya baadaye: begi kilo 3 na nusu, mtoto kilo 8, maji, nepi, chakula na nguo kilo 4. Kilo 15 na nusu zikining'inia kwenye mabega mawili. Baada ya nusu saa vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekufa ganzi, na kila hatua begi lilinivuta nyuma kana kwamba kuna mtu amelishika.

Nisichojisamehe ni hiki. Mtoto alinyamaza, na mimi nikaufurahia ule ukimya. Nilidhani amelala raha mustarehe. Juu upepo ulikuwa mkali, mimi natoka jasho, nimefungua hadi zipu ya koti. Tulipomshusha, kidevu kilikuwa kimeangukia kifuani, mikono baridi, na miguu, ambayo ilikuwa imening'inia muda wote bila pa kukanyagia, ilikuwa ya baridi zaidi. Nilimwingiza ndani ya nguo zangu, ngozi kwa ngozi, nikakaa nyuma ya mwamba nikilia. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akipita alisimama, akatutazama, akasema, "Kama huwezi kumbeba, ungemwacha nyumbani." Akaendelea na safari yake. Mtoto alipata joto, akanyonya, akacheka. Mimi maneno yale yananichoma hadi leo.

Kwa hiyo, dada yangu, usiniulize kampuni. Mgongo wako na wangu si mmoja.

Nenda mwenyewe ukalivae, na ulivae likiwa na mzigo. Begi tupu halisemi ukweli. Kama duka halina mifuko ya mchanga ya kujaribia, beba chupa za maji: lita 1 ni kilo 1, hesabu inakuwa rahisi. Legeza mikanda yote kwanza. Funga wa kiunoni, ukae juu ya ile mifupa ya nyonga unayoigusa ukishika kiuno, kisha ukaze. Halafu ya mabegani, halafu ile midogo ya juu inayovuta begi lisiegemee nyuma, mwisho wa kifuani. Ukiwa umefunga vizuri, uzito mwingi unakaa nyongani na mabega yanapumua. Tembea nalo humo dukani dakika 20. Panda ngazi, chuchumaa, inuka. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Kama mtabadilishana na mwenzako, mgongo wa begi lazima uwe wa kupanda na kushuka, na nyote wawili mlivae. Akina baba, nawaomba sana: usimnunulie mkeo begi kwa kulijaribu wewe.

Soma pia kibandiko cha uzito. Mengi ya haya mabegi ya fremu, yaani yenye kiunzi kigumu, mwisho wake ni karibu kilo 22, na humo ndani mnahesabiwa mtoto, vitu, na mara nyingi begi lenyewe. Mdogo wangu sasa ana kilo 10, begi letu kilo 3, vitu kilo 4. Ni 17. Bado tuna nafasi, lakini si kubwa kama watu wanavyodhani, na watoto wanakua.

Upande wa mtoto, asipandishwe kwenye begi la fremu kabla hajaweza kukaa mwenyewe na kushika shingo imara. Kwa wengi ni kuanzia kama miezi 6, na mabegi mengi huanzia karibu kilo 7. Kabla ya hapo mbebe kifuani kwa kitambaa, na mchague njia fupi. Kiti kiwe kipana, kimshike paja hadi karibu na goti, magoti yawe juu kidogo kuliko makalio. Kipandishe hadi kidevu kilingane na ule mto wa mbele, ili akisinzia shavu lilale hapo, kichwa kisimwangukie kifuani. Na vikanyagio vya miguu. Begi lisilo navyo silinunui tena, hata nikipewa bure.

Halafu baridi. Ukipanda mita 1,000, hewa inapoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu hivi, na upepo unaongeza. Wewe unapasha mwili moto kwa kutembea. Yeye amekaa tu. Jasho lako lisikudanganye! Mvalishe nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe, soksi mbili, kofia ya kufunika masikio, na uwe na kifuniko cha mvua kinachoziba begi zima. Jua nalo huko juu ni kali zaidi, kwa hiyo kivuli cha begi kitumike hata kama kuna ubaridi. Mimi kila nusu saa humwomba mume wangu amguse shingo na miguu, na kila saa tunamtoa kabisa anyooke. Tunachelewa, ndiyo. Mzazi anayeona huko ni kupoteza muda, amwache mtoto kwa bibi yake apande peke yake.

Ule mguu wa chuma wa kusimamishia begi ni wa kukusaidia kumpandisha na kumshusha, mahali tambarare, mkono wako ukiwa juu yake. Si kiti cha kumwachia mtoto ukapige picha. Na kumbuka kichwa chake kiko juu kuliko chako: tawi linalokupita wewe linampiga yeye. Inama kwa magoti.

Lile begi la kwanza bado liko stoo. Mwaka jana mama mmoja mjamzito, mfupi kama mimi, aliniomba nimuuzie. Nilimwambia asubiri ajifungue, mwili utulie, kisha aje alivae na chupa 15 za maji. Alikuja mwezi uliopita. Alizunguka nalo uani, akaukaza mkanda wa kiunoni mara tatu, akalivua mwenyewe. Tukaenda wote dukani na zile chupa.